Fiqhi ya Zizi: Haki ya Mbuzi Mzazi na Mwanawe

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyetuumbia wanyama na akawafanya kuwa ni amana mikononi mwetu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Siku moja baada ya darsa ya Alasiri hapa Bagamoyo, bibi mmoja mjane alitungoja nje ya msikiti. Alikuwa na mbuzi watano, na mmoja wao alikuwa amezaa pacha usiku uliotangulia. Alitusalimu, kisha akauliza: "Sheikh, wajukuu wananililia maziwa ya uji, na mbuzi kiwele kimemjaa. Nikikamua leo nitapata dhambi?" Tulimjibu kwa ufupi: "Bibi, waache watoto wake washibe kwanza." Akaondoka ameridhika. Sisi ndio tuliobaki na swali lake, kwa sababu zilizotufunga mdomo tusiseme zaidi tunazijua wenyewe, na tutazieleza mbele.

Swali la bibi huyu linawahusu wengi. Kuanzia Mapinga na Kerege, Zinga na Kiromo, hadi ng'ambo ya Ruvu, si rahisi kukosa nyumba yenye mbuzi watatu au wanne nyuma ya jiko. Watu hao wanajua hukumu za udhu na za funga, lakini ni wachache waliowahi kusikia katika hotuba kwamba mbuzi anayezaa ana hukumu zake. Basi katika makala hii tutaeleza, kwa uwezo wa Allah, yale ambayo mafakihi wamesema juu ya mbuzi mzazi na mwanawe, na tutaona kwamba katika maziwa, katika biashara, na hata katika zaka, sheria imeirejelea kanuni ileile: haki ya mtoto na mama yake hutangulia.

MBUZI KATIKA KITABU NA SUNNA

Katika Suratun-Nahl (16:5-7 na 66) Allah (S.W.) anatukumbusha neema ya wanyama wa kufuga, na jinsi anavyotoa maziwa safi kutoka baina ya kinyesi na damu. Katika Suratul-An'am (6:143) amewataja mbuzi kwa jina lao pamoja na vile vilivyomo ndani ya matumbo ya majike. Na katika sura hiyohiyo (6:38) ametufundisha kuwa wanyama nao ni umma mfano wetu sisi.

Ama Sunna, Imamu Bukhari amepokea kwamba hakuna Nabii aliyetumwa ila alichunga mbuzi na kondoo, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa ujira mdogo. Wanazuoni wamesema hekima yake ni kuzoea subira na huruma kwa walio dhaifu kabla ya kukabidhiwa uongozi wa watu. Imamu Muslim naye amepokea kisa cha Mtume (s.a.w.), Abu Bakr na Umar (r.a.) walipotolewa majumbani mwao na njaa wakafika kwa mtu mmoja wa Ansari. Mwenyeji alichukua kisu ili awachinjie, na Mtume (s.a.w.) akamtahadharisha asimchinje mwenye maziwa. Tazama, ndugu msomaji: wageni ni bora wa umma na wana njaa, lakini mbuzi anayenyonyesha bado ana kinga yake.

IBARA TULIYOISOMA TUSIIONE

Katika mwambao wetu kitabu cha Minhaj at-Talibin cha Imamu Nawawi (aliyefariki 676 H) kimesomeshwa kwa vizazi vingi. Bagamoyo ni mji ambao Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya (aliyefariki 1931), aliacha athari kubwa ya elimu, na hadi leo madhehebu ya Imamu Shafi ndiyo yanayofuatwa na wengi. Mwishoni mwa mlango wa nafaka, baada ya nafaka ya mke, ya jamaa na ya mtumwa, Imamu Nawawi anataja nafaka ya wanyama. Anasema kwa maana kwamba mwenye mnyama ni wajibu kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa: ikiwa mnyama ni wa kuliwa, amuuze, au amlishe, au amchinje. Kisha anaongeza kuwa hakamuliwi maziwa ambayo kukamuliwa kwake kutamdhuru mwanawe.

Sisi tuliisoma ibara hiyo tukiwa vijana, na baadaye tukaisomesha mara nyingi. Tuliichambua nahau yake vizuri. Lakini miaka ya nyuma tulikuwa na mbuzi sita nyuma ya madrasa, na masika moja mmoja wao akazaa watoto wawili. Tulikuwa tumesikia kwa watu kwamba dang'a, yaani yale maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo, ni machafu na huwaharisha watoto. Tukayakamua na kuyamwaga, na jioni tukamkamua tena kwa ajili ya chai. Siku ya tatu watoto wote wawili walikuwa wamekufa. Afisa mifugo alipotueleza kwa nini wamekufa, ndipo tulipoielewa ile ibara ya Minhaj. Tulikuwa tumeifasiri ubaoni, lakini hatukuwahi kuiona bandani mwetu. Ndiyo maana mbele ya yule bibi tuliona haya kusema mengi.

MASALA YA KWANZA: MAZIWA

Maarifa ya tiba ya mifugo yanathibitisha kuwa dang'a ndiyo kinga ya mtoto wa mbuzi. Mtoto huzaliwa hana kinga ya maradhi katika damu yake. Huipata kwa kunyonya dang'a, na utumbo wake huweza kuipokea kinga hiyo katika saa za mwanzo tu, takriban siku moja. Kila saa inayopita, mlango huo unazidi kufunga. Basi mtoto asimame na anyonye mapema, ndani ya saa moja ikiwezekana, na aendelee kunyonya mara kwa mara siku hiyo nzima. Asiyeweza kusimama ashikwe awekwe kwenye chuchu. Na ikiwa mama amekufa au hana maziwa, anyonyeshwe dang'a ya mbuzi mwingine aliyezaa karibuni.

Kwa msingi huo, kumnyima mtoto dang'a kunaingia moja kwa moja katika lile katazo la kumdhuru. Swali ni kiasi gani aachiwe katika siku na wiki zinazofuata. Hapa kuna mjadala mzuri wa mafakihi wetu, ambao Khatib ash-Shirbini (aliyefariki 977 H) ameunukuu katika Mughni al-Muhtaj. Ar-Ruyani alisema linalotakiwa ni kumwachia mtoto kiasi cha kumweka hai asife. Imamu ar-Rafi'i akasita kuikubali kauli hiyo, na al-Adhra'i akasema kusita huko ndiyo sawa na ndiko kunakoafikiana na maneno ya Imamu Shafi na wafuasi wake. Maana yake ni kuwa haitoshi mtoto asife. Anastahiki kushiba na kukua. Tofauti ya kauli hizi mbili si ndogo. Mbuzi wetu wa kienyeji hana maziwa mengi, na akizaa pacha, mara nyingi alichonacho ni cha wanawe tu. Anayemkamua huyo kila asubuhi anaweza kuwa na watoto walio hai, lakini wamedumaa na tumbo limewavimba kwa minyoo, na kwa kauli iliyo sahihi hajatoka katika dhima.

Imamu Ahmad amepokea katika Musnad yake kwamba Mtume (s.a.w.) alimpa Sawada bin ar-Rabi' ngamia, kisha akamwagiza awaamrishe watu wa nyumbani kwake wawalishe vizuri watoto wa wanyama wao, na wakate kucha zao ili wasijeruhi viwele wakati wa kukamua. Na kwa Dirar bin al-Azwar aliagiza aache maziwa kidogo kiweleni, asiyamalize. Kutokana na hadithi kama hizi mafakihi wamesema ni sunna mkamuaji akate kucha na asikaushe kiwele. Na anayemkumbuka yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa, hataziona adabu hizi kuwa ni mambo madogo.

MASALA YA PILI: MIMBA NA SAA YA KUZAA

Mbuzi hubeba mimba takriban siku 150, yaani miezi mitano. Aliyepandwa mwezi wa Novemba wakati wa vuli atazaa Aprili, katikati ya masika, wakati banda lina matope na baridi ya usiku huua watoto. Mwenye beberu wake anaweza kumtenga ili uzazi uje wakati mwafaka, au aandae banda lililoinuliwa, lisilovuja, na nyasi kavu chini. Katika mwezi mmoja na nusu wa mwisho mtoto hukua kwa kasi tumboni, hivyo mama aongezewe chakula: majani mabichi ya miti, pumba, chumvi na maji safi. Nafaka ya mwenye mimba katika wanadamu tunaijua. Huyu naye anakula kwa ajili ya nafsi zaidi ya moja.

Saa ikifika, mbuzi hujitenga, hulala na kuinuka. Kwa kawaida kwato mbili za mbele hutangulia na kichwa hufuata. Asibughudhiwe. Akisukuma kwa nusu saa au zaidi bila mafanikio, aitwe mtaalamu, wala asivutwe mtoto kwa nguvu. Mtoto akitoka, asafishwe pua na mdomo, aachwe alambwe na mama yake, na kitovu kipakwe dawa ya iodini. Kondo la nyuma kwa kawaida hutoka ndani ya saa kumi na mbili. Likichelewa zaidi ya hapo, atafutwe afisa mifugo.

Hapa wanafunzi huuliza mambo matatu.

Kwanza, ikiwa uchungu umemjia wakati wa Isha na hakuna mwingine wa kumsimamia? Kuhofia mali kuharibika ni udhuru wa kuacha jamaa katika madhehebu yetu. Mtu ataswali nyumbani ndani ya wakati, wala imamu asimlaumu.

Pili, nguo iliyomgusa mtoto aliyetoka tumboni? Imamu Nawawi amenukuu katika al-Majmu' kwamba mtoto anayetoka tumboni ni twahara, na wala hapana haja ya kumwosha, kwa ijmai. Ama damu inayotoka pamoja naye ni najisi, na kondo la mnyama, kwa madhehebu yetu, ni najisi pia. Nguo iliyopatwa na hivyo ioshwe kabla ya swala. Mkojo na kinyesi cha mbuzi ni najisi kwa Imamu Shafi, na ni twahara kwa Imamu Malik na Imamu Ahmad. Hadithi ya Muslim inayoruhusu kuswali katika mazizi ya mbuzi, wanazuoni wetu wameichukulia kuwa ni pale mahali pasipo na najisi au palipotandikwa kitu twahara.

Tatu, mtoto aliyezaliwa mfu? Huyo ni mzoga: haliwi wala hauzwi. Azikwe, asitupwe kwa mbwa. Na ikiwa mama alichinjwa kisheria akakutwa mtoto amekufa tumboni, basi kwa Imamu Shafi na jamhuri, kuchinjwa kwa mama ndiko kuchinjwa kwake, naye ni halali. Imamu Abu Hanifa (aliyefariki 150 H) amekhalifu, ijapokuwa wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wamekuwa na jamhuri. Akitoka akiwa na uhai uliotulia, lazima achinjwe mwenyewe.

Tunaongeza tahadhari moja. Mimba zikianza kutoka kwa mbuzi wengi mfululizo, hasa baada ya mvua kubwa, hilo si jambo la kunyamaza. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilienea katika mikoa mingi ya nchi yetu ikaua wanyama na watu, na miongoni mwa njia za kuambukizwa ni kushika mimba zilizotoka bila kinga. Ugonjwa wa brusela nao hupita humohumo na katika maziwa mabichi. Basi mikono ifunikwe, mizoga ifukiwe, maziwa yachemshwe, na ofisi ya mifugo ijulishwe. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria.

MASALA YA TATU: KUUZA NA KUCHINJA

Kila ikikaribia Idd, wanunuzi kutoka Dar es Salaam hufuata barabara ya Bagamoyo kutafuta mbuzi. Mbuzi mzazi hufungwa miguu, hupakiwa kwenye bodaboda, na watoto wake wa wiki mbili hubaki wakilia. Wafafanuzi wa Minhaj wamesema ni haramu kumtenganisha mnyama na mwanawe kabla mtoto hajaweza kuishi bila maziwa, ila kwa kumchinja mtoto huyo. Kumchinja mama na kumwacha mtoto asiyejiweza hakujumuishwi katika ruhusa hiyo. Na katika Sunan ya Abu Dawud kuna kisa cha ndege aliyechukuliwa makinda yake akawa anapapatika, Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemsikitisha kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Kwa mbuzi wa kienyeji, ngoja miezi mitatu hivi, mtoto awe anakula majani vizuri, kisha uza.

Vilevile Bukhari na Muslim wamepokea katazo la kuacha kumkamua mnyama siku kadhaa ili kiwele kionekane kikubwa machoni mwa mnunuzi. Aliyedanganywa hivyo ana hiari ya kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Na haifai kuuza kilichomo tumboni peke yake. Mimba hufuata mauzo ya mama. Ama udhhiya, mbuzi awe ametimiza miaka miwili kwa Imamu Shafi, na mwaka mmoja kwa maimamu wengine. Na mwenye mimba hatoshelezi kwa kauli mashuhuri ya wanazuoni wetu.

MASALA YA NNE: KUGAWANA WAZAO

Ni desturi iliyoenea mtu wa mjini kumpa jamaa yake wa shamba mbuzi jike, amfuge, na wazao wagawane nusu kwa nusu. Ugomvi huanza uzazi wa kwanza unapokuwa wa mtoto mmoja, au mtoto anapokufa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi mkataba huu hausihi, kwa kuwa ujira wake haujulikani na haujakuwepo. Wazao wote ni wa mwenye mbuzi, na mfugaji anastahiki ujira wa mfano. Kwa Imamu Ahmad kuna riwaya mbili, na ile ya kuruhusu ndiyo aliyoichagua Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 H).

Anayetaka kutoka katika khilafu ana njia nyepesi. Mwenye mbuzi amuuzie mfugaji nusu ya mbuzi yule, hata kwa mkopo wa bei ndogo. Wakishakuwa washirika katika mama, wazao ni wao wote wawili kwa umiliki, si kwa ujira. Waandike na washuhudishe. Kwa njia hii mfugaji naye anakuwa mmiliki, na hatamtazama mtoto aliye dhaifu kama mali ya mtu mwingine.

MASALA YA TANO: ZAKA

Nisabu ya mbuzi na kondoo ni 40, kama ilivyo katika barua ya Abu Bakr (r.a.) aliyoipokea Bukhari kwa Anas (r.a.). Kuanzia 40 hadi 120 hutolewa mmoja. Kuanzia 121 hadi 200, wawili. Kuanzia 201, watatu. Wakifika 400, wanne. Kisha kila mia mmoja. Sharti lake kwetu ni wawe wanachungwa katika malisho ya wazi. Imamu Malik amewajibisha zaka hata kwa wanaolishwa ndani.

Je, watoto waliozaliwa mwaka huu huhesabiwa? Ikiwa mama zao walikwisha timiza nisabu, watoto huingia katika mwaka wa mama zao. Mwenye mbuzi 100 wakazaa 21 kabla mwaka haujatimia, atatoa wawili. Ama mwenye mbuzi 30 wakazaa 12, kwa Imamu Shafi mwaka huanza siku walipofika 40; kwa Imamu Malik huhesabiwa mwaka wa mama zao.

Watu wa zama za Umar (r.a.) walilalamika: vipi mnatuhesabia watoto na hamuwachukui? Imepokewa katika Muwatta kwamba Umar alimwelekeza mjumbe wake Sufyan bin Abdillah ath-Thaqafi awahesabu hata wale ambao mchungaji huwabeba mikononi, lakini asiwachukue. Na asichukue pia aliyenoneshwa kwa kuliwa, wala anayenyonyesha, wala mwenye mimba, wala beberu wa mbegu. Huo ndio uadilifu baina ya fukara na tajiri. Na sisi tunaona ndani yake jambo jingine: mkono wa dola, ukiwa na haki ya fukara mbele yake, ulisimama mbele ya mbuzi anayenyonyesha. Basi mkono wetu unaoshika kikombe cha chai una hoja gani?

KHATIMA

Ndugu zetu maimamu, tunawaomba masala haya yatoke kitabuni yafike zizini. Hotuba moja kabla ya masika na moja kabla ya Idd zinatosha kuokoa viumbe wengi, na kuwaokoa wenyewe na dhima. Wanafunzi nao, mkifika mlango wa nafaka, msiumalize kwa haraka kwa kuwa unazungumzia wanyama.

Yule bibi tulikutana naye tena miezi michache baadaye. Alituambia pacha wake wamekua, na sasa anapata kikombe kimoja kila asubuhi baada ya wao kushiba. "Ni kidogo, sheikh," alisema, "lakini nakinywa moyo umetulia."

Tunamwomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe waaminifu kwa wale wasio na ulimi wa kututetea wala wa kutushitaki hapa duniani. Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.